Dhania Dirishani

Mpangaji wa chumba kimoja mjini Nairobi hana shamba, lakini ana dirisha. Na dirisha likielekea mashariki lapata jua la asubuhi mwaka mzima. Hapo dhania yaweza kukua, na senti za fungu la kila jioni zikabaki mfukoni.

Mkebe wa mafuta ya kupikia wafaa, wenye kina cha inchi 8 hivi. Utobolewe matundu chini, maana dhania ya nyumbani aghalabu hufa kwa kuzidishiwa maji wala si kwa kiu. Kila kipunje cha duara ni mbegu mbili zilizoshikana: kisuguliwe taratibu zipate kuachana, zilowekwe usiku kucha, kisha zifukiwe nusu inchi katika mkebe ule ule zitakamokulia, kwa kuwa mzizi wake mrefu hauvumilii kuhamishwa. Hapo ndipo wengi huharibu kazi.

Baada ya wiki 6 hivi yakatwe majani ya nje, ya katikati yaachwe. Joto likizidi, dhania huharakia kutoa maua na majani hupungua. Basi nyingine ipandwe kila baada ya wiki 3. Mnanaa ni mwepesi zaidi: kitawi cha sokoni kikitiwa katika gilasi ya maji hutoa mizizi, ila kipewe mkebe wake peke yake, kwani huwanyang'anya jirani zake nafasi.