Mipaka ya Wakfu na Tarakimu za Ramani

Sifa zote njema anastahiki Allah Subhaanahu wa Taala, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Tuliletewa suala na kamati ya msikiti mmoja wa Dar es Salaam. Karatasi zao za zamani zinataja mahali pa wakfu kwa tarakimu zilizosomwa katika ramani ya serikali. Kijana wao mmoja, Allah amlipe kwa nia yake, aliziingiza tarakimu hizo katika programu ya ramani ya kompyuta. Nukta ikaangukia kaskazini ya msikiti, umbali wa mita 300 hivi, katikati ya nyumba za watu. Minong'ono ikaanza kuwa wakfu umeporwa. Wakauliza: je, twende mahakamani?

Tuliwajibu kuwa kwanza waulize tarakimu hizo zimepimwa kutoka wapi. Mwanafunzi wa hadithi hapokei matni bila ya kujua sanad yake, na tarakimu za mahali nazo zina sanad yake.

Suala hili si geni kwa wanazuoni wetu. Katika majedwali ya zamani kila mji uliandikiwa twuul na ardhi yake, yaani longitudo na latitudo. Latitudo haikuwa na taabu, kwani huhesabiwa kutoka mstari wa ikweta. Ama longitudo, wako walioianzia kwenye visiwa vya Al-Khaalidaat, na wako walioianzia kwenye pwani ya magharibi ya bara. Baina ya mianzo hiyo miwili ilihesabiwa tofauti ya digrii 10. Abu Rayhan al-Biruni alikishughulikia sana kipengele hiki, na katika kitabu chake cha Tahdid, alichokikamilisha mwaka 416 Hijria (1025 Miladia), alitafuta longitudo ya Ghazna kwa kuunganisha masafa ya mji hadi mji kuanzia Baghdad, ili apate kibla chake. Anayechukua longitudo ya Makka katika jedwali moja na ya mji wake katika jingine, bila ya kugeuza, hupotoka. Kwa Dar es Salaam, ambako kibla ni karibu kaskazini kamili, kosa la digrii 10 za longitudo lingeelekeza safu karibu digrii 20 pembeni.

Turejee kwenye wakfu. Ramani za zamani za Tanzania na Kenya zimejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, unaotumia umbo la dunia lililokadiriwa na Clarke mwaka 1880. Vifaa vya GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84, wenye umbo jengine na kitovu kingine. Vitovu viwili hivyo vinapishana kwa mamia ya mita. Kwa hiyo nukta moja ya ardhi ina tarakimu mbili, na zote ni sahihi, kila moja kwa msingi wake. Ukizisoma za Arc 1960 kana kwamba ni za WGS 84, katika pwani yetu nukta huruka kaskazini kiasi cha mita 300, na magharibi kidogo. Hicho ndicho kilichomfika kijana wetu.

Katika programu kuna amri mbili ambazo wengi huzichanganya. Moja huiambia programu tarakimu hizi ni za msingi gani. Nyingine huzigeuza kwenda msingi mwingine. Ianze ya kwanza, kwa ukweli: kwa eneo la Dar es Salaam au Mombasa ni Arc 1960, kanda ya UTM 37 Kusini, yenye namba ya EPSG 21037. Kisha igeuzwe kwenda 32737, ambayo ni kanda hiyohiyo kwa WGS 84. Aliyebandika 32737 juu ya tarakimu za zamani amebadili jina tu, hesabu imebaki ileile.

Walipofanya hivyo, nukta ilirudi uani mwa msikiti.

Hata hivyo, tuliwakataza kuhamisha ua kwa nukta hiyo. Ugeuzaji wa kawaida wa Arc 1960 unaweza kubakisha kosa la makumi ya mita, na kiwanja cha msikiti huenda upana wake wote haufiki hapo. Katika fiq-hi, aliyeshika ardhi kwa muda mrefu hanyang'anywi kwa dhana, na anayedai ndiye anayetakiwa ushahidi. Ushahidi hapa ni hati ya wakfu, mawe ya mipaka, wazee wanaoyajua, na mpima ardhi anayeanzia kwenye mawe hayo. Dhulma ya shibiri moja ya ardhi imekemewa vikali katika hadithi sahihi, na haikuvuliwa inayofanywa kwa jina la msikiti.

Ama kibla, mita 300 haziwashughulishi. Kwa masafa ya zaidi ya kilomita 3,000 hadi Makka, hazifiki hata sehemu moja ya mia ya digrii. Safu zao zibaki zilivyo.

Wallahu aalam.