Nyama ya kwenye jani

Juma lililopita nilikuwa Mkokotoni kwa dada yangu. Baada ya isha watoto walikuwa wakitazama mchezo wa Kikorea kwenye televisheni, na kama kawaida ya michezo hiyo, watu waliketi kuuzunguka moto ulio katikati ya meza, wakichoma nyama, wakiikata kwa mkasi, wakiifunga kwenye jani bichi na kuitia kinywani yote kwa mara moja. Mpwa wangu akaniuliza: “Mjomba, nasi si tufanye?”

Nyama ile mara nyingi ni ya nguruwe. Wakorea huiita samgyeopsal, yaani nyama ya matabaka matatu, na hutoka tumboni. Kwetu ni haramu, basi hiyo tuiache. Lakini wanayo na bulgogi, maana yake “nyama ya moto”, na hiyo hufanywa kwa ng’ombe. Huikata nyembamba, wakairoweka kwa sosi ya soya, sukari, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta na peasi lililoparuzwa. Peasi hulainisha nyama, kazi ileile ya papai bichi katika mishkaki yetu.

Hapo dada akacheka, maana anakijua kisa changu. Papai bichi lina kimeng’enya kinachokata nyuzi za nyama, wala hakijui kusimama. Niliwahi kualika wageni nikailaza nyama na papai usiku kucha. Asubuhi ikawa kama uji, haikushika kijitini, ikadondokea makaani. Kwa kilo moja, kijiko kikubwa kimoja kwa muda wa saa moja kinatosha.

Lakini kilichonishughulisha zaidi ni ule moto wa katikati. Kwao anayechoma naye yuko mezani, anakula. Kwetu dada huchoma uani peke yake, nyama ikafunikwa, ikatoa jasho, ikapelekwa kwa wageni. Yeye hula mwisho, tena vilivyopoa. Na hakuna anayeuliza.

Basi usiku ule tulitandika mkeka uani, jiko likawa kando yetu. Ndani tusingethubutu: moshi wa makaa, hata usioonekana, huua watu chumbani. Tulitumia koleo mbili, moja ya nyama mbichi na moja ya iliyoiva, na rojo la kurowekea hatukulirudia. Kila mtu alishika jani la saladi kiganjani, akaweka vipande viwili vya nyama, kachumbari kidogo, na chatne ya ukwaju badala ya ule uji wao mzito wa soya na pilipili. Jani likikunjwa liwe dogo. Ukiling’ata nusu, chatne yote hukuishia kanzuni. Mimi nimeshajaribu.

Mpwa wangu alishika koleo. Dada alikula majani saba, nyama ikiwa bado inachuruzika mafuta, akauliza kwa nini chatne ilifanywa kidogo.