Uzi Wazi Si wa Wanagenzi Pekee

Imezuka dhana miongoni mwa vijana wanaojifunza kucharaza gitaa la solo kwamba uzi usiobanwa kwa kidole ni wa wanagenzi, na kwamba ufundi ni kupanda juu kabisa ya shingo ya gitaa, huko ambako kila noti hubanwa. Mimi siafikiani nayo, hasa katika muziki wa bluzi na roki.

Hebu tulitazame gitaa lenyewe. Nyuzi zake sita, kuanzia ule mnene, hutoa E, A, D, G, B na E. Skeli ya noti tano itumiwayo sana katika bluzi, wimbo unapokuwa katika sauti ya E, ni E, G, A, B na D. Kwa hivyo, kabla mchezaji hajaweka hata kidole kimoja, nyuzi zote sita zimo ndani ya skeli hiyo. Ni hazina iliyoje!

Lightnin' Hopkins wa Texas, aliyefariki mwaka wa 1982, aliitumia vyema. Aghalabu alicheza peke yake: kidole gumba kikidumisha mdundo kwenye uzi mnene, nazo nyuzi nyembamba zikiijibu sauti yake. Stevie Ray Vaughan, pia wa Texas, aliipitia njia hiyo kwa gitaa la umeme. Katika "Pride and Joy" ya mwaka wa 1983, nyuzi nyembamba zilizo wazi hulia baina ya mapigo ya besi, gitaa moja likasikika kama mawili. Vaughan alizilegeza nyuzi zake kwa nusu toni. Vidole vilicheza E ilhali msikilizaji alisikia E flati, na nyuzi wazi hazikumpotea.

Isitoshe, uzi wazi unapolia, mkono hupata nafasi ya kuhama bila sauti kukatika.

Sikatai kwamba una kasoro. Kidole hakiwezi kuutetemesha kama noti iliyobanwa, na usipozimwa kwa kiganja huendelea kuvuma hata pale usipotakiwa. Lakini kujua wakati wa kuuachia na wakati wa kuuzima ndio ufundi wenyewe. Kwa vijana wetu wanaokimbilia juu ya shingo, nasema: usiache mbachao kwa msala upitao.