Tani Moja na Nusu

Kiwandani liliitwa GAZ-AA. Barabarani hakuna aliyeliita hivyo. Madereva wa Urusi waliliita polutorka, yaani moja na nusu, kwa kuwa mzigo wake halali ulikuwa tani moja na nusu. Lori likipewa jina la mzigo wake, jua limeingia katika maisha ya watu.

Asili yake ni Marekani. Tarehe 31 Mei 1929, huko Dearborn, kampuni ya Ford ilitia saini mkataba na serikali ya Kisovyeti. Wasovyeti waliahidi kununua magari 72,000, mengi yakiwa vipande vya kuungwa kwao, ndani ya miaka minne. Ford nayo iliahidi michoro, haki ya kuunda na msaada wa kiufundi kwa miaka tisa. Kiwanda kilijengwa Nizhny Novgorod, kando ya Mto Oka, kwa msaada wa kampuni ya Austin ya Cleveland. Januari 1932 lori la kwanza likatoka. Mwaka huohuo mji ukapewa jina jipya la Gorky, kwa heshima ya mwandishi Maxim Gorky, na herufi za mwanzo za jina la lori zikabadilika kutoka NAZ kuwa GAZ.

Michoro peke yake haiundi gari. Mwishoni mwa 1933 waliingia kiwandani hapo ndugu wawili kutoka Detroit, Walter na Victor Reuther. Walter alikuwa fundi wa kuchonga vifaa vya kufyatulia bodi na alikuwa amefanya kazi Ford. Walikaa hadi 1935 wakifundisha vijana, wengi wao wametoka shambani juzi tu, kushika kipimo na kukiamini. Baadaye Walter aliongoza chama kikubwa cha wafanyakazi wa magari Marekani. Kwangu mimi, miezi ile ya kusimama bega kwa bega na mwanafunzi ina uzito kuliko kurasa zote za mkataba.

Lori lenyewe lilikuwa Ford Model AA: injini ya silinda nne yenye ujazo wa karibu lita 3.3 na nguvu ya farasi 40, gia nne, mwendo usiozidi kilomita 70 kwa saa. Tangi la petroli lilikaa mbele ya kioo, juu ya magoti ya dereva, hivyo mafuta yalishuka yenyewe hadi kwenye kabureta bila pampu. Injini haikubana mchanganyiko wa mafuta na hewa kwa nguvu, kwa hiyo ilikubali petroli duni, na siku za joto, ikishapata moto, hata mafuta ya taa. Wasovyeti waliimarisha nyumba ya klachi na boksi la usukani, wakaongeza chujio la hewa, wakabuni bodi yao wenyewe. Hadi 1934 kabini ilikuwa ya mbao na karatasi ngumu, maana bati lilikuwa adimu.

Uadimu huo ndio ufunguo wa historia nzima ya lori hili. Ukitazama aina zake moja baada ya nyingine, karibu kila moja inakuonyesha kitu ambacho hakikupatikana.

Chukua tipa lake, GAZ-410. Halikuwa na pampu ya kunyanyulia bodi. Bodi iliegemezwa kwenye egemeo lililopimwa kwa makini: ikijaa, uzito wa mchanga wenyewe ulitaka kuiangusha nyuma, na komeo ndilo lililoizuia. Dereva alifungua komeo, mzigo ukamwagika, kisha bodi tupu ikarudi mahali pake kwa uzito wake. Sijui suluhisho lililo safi kuliko hilo.

Petroli nayo ilikuwa mbali na misitu na mashamba ya ndani, ndipo likaja GAZ-42, lori la kuni. Kando ya kabini lilibeba tanuri refu la chuma. Vipande vya mbao viliunguzwa humo kwa hewa kidogo, vikatoa gesi inayowaka. Gesi ikachujwa, ikapozwa, ikavutwa na injini. Nguvu ilipungua sana na mzigo ukashushwa hadi tani moja. Dereva alilazimika kukoka moto kabla ya safari na kusimama njiani kuongeza kuni. Palikuwa pia na GAZ-AAA yenye ekseli tatu, iliyokuja kuzaa gari la deraya la BA-10. Basi dogo la GAZ-03-30. Na gari la wagonjwa la GAZ-55, lililopewa springi laini na shokamzoba ambazo lori la kawaida halikuwa nazo. Mwaka 1938 injini ya farasi 50 ikaleta GAZ-MM.

Stata na betri zilikufa mapema, kwa hiyo madereva wengi waliwasha kwa hendeli. Aliyewahi kuwasha mashine ya kusaga kwa hendeli anaijua kanuni: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini. Injini ikirudisha teke, gumba lililozunguka huvunjika.

Kisha vita. Septemba 1941 mji wa Leningrad ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani, na Novemba mgao wa mkate kwa watu wengi wa mjini ulishuka hadi gramu 125 kwa siku. Njia pekee ya magari ikawa barafu ya Ziwa Ladoga. Tarehe 22 Novemba msafara wa malori 60 ulivuka. Barafu ilikuwa bado nyembamba, hivyo kila lori lilipakiwa magunia machache tu. Wanafizikia wa mji huo walipima jinsi barafu inavyonepa, wakagundua kwamba lori likienda kwa mwendo fulani huamsha wimbi la maji chini yake, na wimbi hilo huivunja barafu ambayo ingeubeba uzito bila shida. Madereva waliendesha milango ikiwa wazi, kwenye baridi ile, ili wapate kuruka.

Mwaka 1942, kwa uadimu uleule, kiwanda kikaanza kutoa lori lisilo na milango kabisa. GAZ-MM-V lilikuwa na paa la turubai, madigadi ya bati lililokunjwa tu, taa moja ya mbele, bila bampa, bila breki za mbele. Juni 1943 ndege za Ujerumani zilikipiga kiwanda usiku baada ya usiku, kikajengwa tena.

Vitu vilivyoondolewa vilirudi kimoja kimoja. Kwanza milango, ya mbao. Baada ya vita zikarudi breki za mbele, bampa na taa ya pili. Mwaka 1947 kazi ilihamishiwa Ulyanovsk, na huko, karibu na 1950, polutorka za mwisho zilitoka getini zikiwa na taa mbili.