Kichwa Kisichonyamaza

Msomaji, liko kosa ambalo mwalimu hulitenda akiwa ameketi kitini pake, macho wazi, huku akiitikia kwa kichwa. Mimi nililitenda. Alasiri moja, katika majira ya kusahihisha insha, mwanafunzi wa mwaka wa tatu alibisha mlango wa ofisi yangu. Alianza kunieleza kwamba mama yake ni mgonjwa nyumbani, na kabla hajafika mwisho nikamwambia kuwa nimemwongezea wiki moja ya kukamilisha kazi yake. Akanitazama. "Sikuja kuomba wiki, Mwalimu," akasema. "Nimekuja kukuaga. Naacha chuo."

Lau angekuwa mwenye haya kidogo zaidi, angeshukuru akaenda zake na wiki yake, nami nisingejua. Tulizungumza kwa kirefu, akafahamu kwamba angeweza kuomba kuahirisha masomo badala ya kuyaacha. Lakini usiku huo sikulala. Masikio yangu yalikuwa mazima. Asiyekuwapo ofisini alikuwa mimi. Kichwani mlikuwa na mikutano ya kamati, makala isiyokamilika, karo ya watoto, na mabishano niliyoshindwa mwaka uliotangulia ambayo bado nilikuwa nikiyashinda kila usiku.

Waama, mwanaisimu hapaswi kustaajabia kelele hizo. Mrusi Lev Vygotsky, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1934, alieleza jinsi mtoto anavyoanza kwa kujisemesha kwa sauti anapocheza, kisha maneno hayo yakazama ndani polepole hadi yakawa usemi wa kimyakimya. Usemi huo ni neema kubwa, kwani ndio tunaoutumia kupanga somo na kupima hoja. Ila hakuna aliyetufunza kuutuliza ukishafanya kazi yake.

Nikaazimia kujifunza kile ambacho aghalabu hutafsiriwa kuwa tafakuri. Hapo ndipo neno liliponiponza. Kutafakari ni kufikiri kwa kina. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi uo huo uliotupa fikra. Basi kwa wiki nzima niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaketi, nikafikiri kwa kina. Niliinuka nimechoka kuliko nilivyoketi. Nilikuwa nikizima moto kwa mafuta ya taa.

Neno nililolihitaji nilikuwa nalo tangu utotoni, nalo ni pumzika. Litazame pamoja na jamaa zake: pumua, pumzi, pumzika. Waliotuachia lugha hii waliiona raha ya mwili ndani ya hewa inayoingia na kutoka. Hata nafsi, tuliyoikopa kutoka Kiarabu, ina undugu na neno la lugha hiyo lenye maana ya pumzi. Nami kwa miaka 15 nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi wa fonetiki kwamba tunasema kwa hewa itokayo mapafuni, bila hata siku moja kuiangalia yangu ikitoka.

Njia niliyoifuata si ngeni. Wabudha wameitumia kwa karne nyingi, na mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa mazoezi ya aina hiyo katika chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, pasipo kuwadai imani yoyote. (Mwenzangu mmoja aliniuliza iwapo nimehamia dini ya Budha. Nikamjibu kwamba nimehamia kiti cha jikoni.) Unaketi, mgongo wima, nyayo sakafuni. Pumzi unaiacha ijiendee, wala huivuti kwa nguvu. Unahesabu kila inapotoka, moja hadi kumi, kisha unaanza upya. Wazo likikuchukua, na litakuchukua, unatambua kwamba umechukuliwa na kurudi kwenye moja bila kujikaripia. Dakika 10 zatosha kwa anayeanza.

Siku ya kwanza sikuvuka nne. Nilidhani nimeshindwa, kumbe kule kurudi ndiko zoezi lenyewe. Sisi walimu tungepaswa kulielewa hili mapema kuliko wengine. Mtoto akikosea hesabu haturarui daftari lake.

Sidai kwamba hii ni dawa. Aliyekosa usingizi kwa wiki nyingi, au aliyeelemewa na huzuni isiyomwondoka, na amwone daktari. Wapo pia ambao kimya huwaamshia majeraha ya zamani, na hao wasijilazimishe. Fauka ya hayo, pumzi haipunguzi idadi ya wanafunzi waliosongamana darasani wala haiongezi mshahara. Yeyote atakayewaambia walimu wapumue badala ya kuwaajiria wenzao wa kutosha, huyo atakuwa anawadhihaki.

Kilichobadilika kwangu ni kidogo. Mwanafunzi akibisha, huiweka kalamu chini, na akimaliza kusema huiacha pumzi moja itoke kabla sijajibu. Kimya hicho huwatia wengine wasiwasi. Mmoja aliniuliza kama nimemkasirikia. Yule binti alirejea muhula wa pili, akaketi kiti kile kile na kunieleza habari za mama yake hadi mwisho.

Asubuhi ya leo nilifika saba, kisha kamati ya ratiba ikaingia bila kubisha hodi. Nikarudi kwenye moja.