UZI: Kutetea wanyama barabarani na baharini, na gharama inamwangukia nani

Kila video ya kasa anayerudishwa majini kule Watamu ikisambaa, komenti zinagawanyika kabla hata mnyama hajafika kwenye wimbi. Hawa: "Mbarikiwe sana." Wale: "Watu wanalala njaa Ganze, nyinyi mnahangaika na kobe." Halafu anatokea wa tatu na neno "wanaharakati", amelitamka kama tusi. Tulifungue hili, maana msimu wa siasa ukifika linarudi, na wengi hubishana kila mtu akiwa na picha yake kichwani.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Kuandamana ni kumwambia mwenye mamlaka afanye jambo. Hatua ya moja kwa moja ni kulifanya mwenyewe bila kumngoja. Uingereza mwaka 1963 kilianzishwa chama cha watu wanaoingia mashambani kuvuruga uwindaji wa mbweha: wanapuliza mabaragumu, wanawapoteza mbwa njia. Mwaka 1976 likaja Animal Liberation Front, na hao walikuwa wakivamia maabara usiku, wanafungua vizimba na kuvunja vifaa. Sheria ya kupiga marufuku kuwinda mbweha kwa mbwa ilipitishwa 2004. Hesabu mwenyewe: miaka 41 tangu baragumu la kwanza.

Sasa ichukue picha hiyo uilete Kilifi. Mtu anatoka usiku na kisu, anakata jarife la mvuvi ili kasa watoke. Kisheria ameharibu mali ya mtu, kesi rahisi kabisa kwa mwendesha mashtaka. Lakini tatizo kubwa si korti. Kesho yake mvuvi yule hana wavu, ana deni, na ana sababu ya kumchukia kila kasa atakayemwona. Na yeye ndiye yuko baharini kila siku. Wewe hauko.

Watamu waliona hilo mapema. Kikundi kilichoanza 1997 kama Watamu Turtle Watch, leo Local Ocean Conservation, hakikwenda na kisu. Kilikwenda na namba ya simu. Mvuvi akinasa kasa kwa bahati mbaya, anapiga, watu wanakuja, kasa anapimwa, anawekwa alama, akiwa mgonjwa anapelekwa kliniki, akiwa mzima anarudi majini. Mvuvi anapewa fedha kidogo za muda wake na wavu ulioharibika. Hadi sasa kasa waliorudishwa kwa njia hiyo wamepita 20,000. Hiyo pia ni hatua ya moja kwa moja, ila haina kelele, ndiyo maana haiitwi hivyo.

Wapinzani wana hoja, tusiwadharau. Wa kwanza anasema: mnanunua kasa, mtu atawatega makusudi ili alipwe. Jibu ni kwamba fedha zenyewe ni ndogo; nyama na mafuta ya kasa mkubwa yakiuzwa gizani yanaleta zaidi. Anayepiga simu ameamua kupata kidogo. Wa pili anasema: mbona mlipe mtu kwa kutii sheria? Hilo ni zito zaidi. Sheria ya Wanyamapori ya 2013, ilipotungwa, iliweka kwa kosa la spishi zilizo hatarini faini isiyopungua milioni 20 au kifungo cha maisha. Lakini jamani, sheria kali bila askari kwenye kila ngalawa ni karatasi. Mtu akiogopa kifungo hatapiga simu. Atamchinja kasa haraka na kufukia gamba.

Hoja ya njaa ya Ganze nayo ina ukweli wake, ila imeelekezwa kwa mtu asiyehusika. Bajeti ya maji ya kaunti haijaliwa na kasa.

Toka baharini kidogo, twende kwa punda, kwa sababu huko maandamano yenyewe yalionekana kuzaa kitu. Machinjio ya punda yalipopata leseni Kenya, soko lilikuwa Uchina, ngozi inachemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Wizi ukapanda. Mama aliyekuwa na punda wa kubeba maji anaamka, anakuta kamba tu. Februari 2020 wenye punda waliandamana hadi wizara ya kilimo Nairobi, na mwezi huohuo serikali ikatangaza kufunga biashara hiyo. Hawakuja na falsafa ya haki za mnyama. Walikuja na mgongo uliochoka. Mashirika ya kutetea wanyama yalikuwa nao, lakini sauti iliyosikika ni ya mwenye punda.

Ushindi wa barabarani haukukaa, hilo pia liseme. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ililiondoa katazo baada ya mwenye machinjio kushtaki. Uamuzi wenye uzito ukaja Februari 2024, Umoja wa Afrika ulipokubali kusitisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15.

Turudi nyumbani, Uyombo, ng'ambo kidogo tu ya Watamu. Mpango wa kinu cha nyuklia ulipotajwa, waliotoka Mei 2024 walikuwa wavuvi na wanakijiji, wakitaja maji ya Mida Creek, samaki na kasa kwa pumzi moja na mashamba yao. Walipigwa, wengine wakakamatwa. Mwaka uliofuata serikali ikaelekeza macho Siaya. Ukiuliza kama yale yalikuwa maandamano ya wanyama au ya watu, mvuvi wa pale atakushangaa. Samaki wakifa yeye anakula nini?

Na kwa kuwa kuna wanaosema maandamano yale hayakuwa na "kibali": Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa kwa polisi si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14 kabla, na shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Taarifa si ombi. Ukiipeleka kituoni, beba nakala mbili, ugongewe muhuri kwenye ile unayobaki nayo.