Sarafu Kongwe: Kosa la Kiwanda au Jeraha la Njiani?

Ni nadra visiwani petu kuikuta nyumba ya wazee isiyokuwa na kibweta kilichohifadhi fedha za kale: pesa za shaba za Sultan Barghash bin Said zenye mwaka wa Hijria 1299, rupia za Bara Hindi, reale za Maria Theresa zenye mwaka 1780 na senti zenye tundu zilizoanza kutumika Unguja na Pemba rupia ilipoondolewa mwaka 1936. Kwa muda mrefu vitu hivi vilihesabiwa kuwa vichezeo vya watoto. Sasa umeenea uvumi kwamba sarafu yenye kosa hununuliwa kwa bei kubwa kuliko iliyo kamili. Uvumi huo una ukweli ndani yake, lakini pia umewafungulia mlango walaghai. Mjane huambiwa kuwa pesa yake ni mbovu akaitoa kwa bei ya kikombe cha kahawa, na mgeni huuziwa kipande kilichopondwa kwa nyundo akihakikishiwa kuwa hakina mfano duniani.

Yafaa basi ifahamike sarafu huzaliwa vipi. Kisahani cha madini huwekwa baina ya mihuri miwili ya chuma, kisha hubanwa kwa nguvu kubwa hata madini yakatiririka na kuingia katika kila mchoro wa mihuri ile. Kosa la kiwanda ni lile lililotokea kabla ya mbano huo au wakati wake. Lililotokea baadaye, liwe la miaka mia au la jana jioni, ni jeraha tu. Swali la kujiuliza ni moja: je, madini yalitiririka, au yalikatwa na kusukumwa?

Tuchukue mfano wa mstari uliopita juu ya maandishi. Muhuri ukipata ufa, madini huingia ndani ya ufa huo, na kwa hiyo sarafu hutoka na mstari ulionyanyuka. Mkwaruzo wa msumari au wa jiwe huacha mfereji uliozama. Ncha ya kidole yaweza kutosha kuvitenganisha, na kioo cha kukuzia huondoa shaka. Vivyo hivyo kuhusu uvimbe ukingoni. Kipande cha muhuri kikivunjika, pahala pake hujitokeza bonge lisilo na mchoro, na upande wa pili, mkabala wa bonge hilo, mchoro huwa dhaifu kwa kuwa madini yamekimbilia kwenye pengo. Bonge la lehemu ya sonara halina dalili hiyo. Rupia nyingi na reale zilivaliwa na mama zetu kama mapambo, na mabaki ya lehemu ni ushahidi wa heshima hiyo, si kosa la mtu yeyote.

Senti zenye tundu zimeleta ubishi mwingi zaidi. Tundu halali la senti hizo lilitobolewa katika kisahani kabla ya kugongwa, nao mchoro ulipangwa kulizunguka. Tundu la keekee hupita katikati ya herufi bila kujali, na mara nyingi huacha midomo mikali ya madini.

Wapo pia wanaoleta sarafu yenye maandishi ya kinyume, kama yaonekanavyo katika kioo. Kosa hilo lipo kweli: sarafu iliyotangulia hukwama katika muhuri na kuigandamiza ile inayofuata. Lakini hila yake ni nyepesi mno, kwani mwenye jiliwa huzibana sarafu mbili pamoja, nazo hupeana alama. Sarafu iliyobanwa kwa jiliwa huonyesha mabaki ya mchoro wake wa asili chini ya alama hizo, na aghalabu upande wake wa pili umelazwa. Hapa elimu ya chuoni ina faida isiyotarajiwa, maana aliyezoea herufi za Kiarabu huutambua mara moja mwaka uliogeuzwa. Asiyezijua huweza kuishika pesa ya 1299 juu chini akatangaza muujiza.

Aidha, si kila kasoro ni adimu. Sarafu za kale za pwani yetu ziligongwa kwa mkono, mchoro ukielemea upande mmoja kwa kawaida. Hivyo kuelemea huko hakuzipi bei ya ziada. Nazo senti za heller 20 zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na vita, zilitoka kwa vifaa vya dharura, na ulegevu wa mchoro ndiyo sura yake ya kila siku.

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za karne nyingi zilizopita. Wataalamu huzilinganisha nyufa na kuchakaa kwa mihuri wakatambua ipi ilitangulia kugongwa na ipi ilifuata, na kwa njia hiyo husoma historia ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote. Anayeisugua sarafu ya namna hiyo kwa ndimu na majivu ili ing'are huondoa ushahidi wenyewe. Ukoko wa kijani haudhuru macho. Tindikali ya ndimu haina huruma.

Kwa hiyo maofisa wa forodha na wa mambo ya kale wanaoletewa vitu hivi wasiharakishe kuvitupa wala kuvisifu. Ioshwe kwa maji safi tu ikiwa ina mchanga, ishikwe ukingoni, itazamwe pande zote mbili kwa kioo, na iandikwe ilipopatikana na nani aliyeileta. Mizani ya sonara isaidie, ingawa haitoshi peke yake: sarafu iliyomegeka kiwandani na iliyokatwa kwa mkasi zote ni pungufu. Tofauti imo ukingoni. Ile ya kiwanda mara nyingi hufifia mkabala wa pengo, kwa kuwa mbano ulikosa pa kushikia, na ile ya mkasi ni kamili kote isipokuwa palipokatwa.